Masomo mafupi ya sheria za intaneti: cheti utapata, lakini je, utajua la kufanya siku OPJ atachukua simu yako?

Saa mbili ya usiku, ujumbe wa vokali unaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya avenue. Sauti inasema kwamba mfanyabiashara fulani, anayetajwa kwa jina, anauzia watu mafuta ya gari yaliyochanganywa na maji. Kijana mmoja anausikia, anakasirika, anautuma kwenye grupu tatu zingine bila kuongeza hata neno. Siku mbili baadaye anapata mwito wa kufika mbele ya OPJ. Anashangaa: «Lakini si mimi niliyesema, mimi nilituma tu.»

Huo ni mfano tu, lakini kila anayeishi Bukavu, Goma, Uvira, Butembo ama Bunia anajua kwamba mambo ya namna hiyo yanaweza kumpata yeyote. Na jibu la sheria kwa yule kijana ni gumu: nchini Kongo, kutuma tu kunaweza kutosha kukupeleka gerezani. Ndiyo maana miaka hii ya karibuni mafunzo ya siku mbili, ya juma moja ama ya miezi mitatu kuhusu «sheria za intaneti», «haki za kidijitali» ama «ulinzi wa data» yanatangazwa kila mahali. Mengine ni ya bure, mengine yanalipishwa kwa dola. Avoka vijana wanayatafuta, wanahabari wanayatafuta, wafanyakazi wa mashirika ya kiraia pia.

Ni jambo zuri watu kutaka kujua. Shida ni kwamba mengi kati ya mafunzo hayo yanafundisha sheria isiyo yetu, kwa lugha isiyo yetu, na kwa watu ambao si wao wa kwanza kuhitaji. Kabla ya kulipa, ama kabla ya kusifu mradi mpya wa mafunzo, inafaa tuangalie kwa makini ni nini kinachouzwa.

Sheria iliyobadilisha mambo

Kwa muda mrefu Kongo haikuwa na sheria moja inayohusu intaneti. Kulikuwa na kanuni ya adhabu ya zamani, sheria ya habari ya mwaka wa 1996, na baadaye sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano ya simu na teknolojia. Mwendesha mashtaka alichukua vifungu vilivyoandikwa wakati wa magazeti ya karatasi na redio, akajaribu kuvitumia kwa Facebook na WhatsApp.

Tarehe 13 Machi 2023 mambo yalibadilika. Siku hiyo Rais wa Jamhuri alitia sahihi sheria mbili kwa njia ya ordonnance-loi. Ya kwanza, namba 23/009, inahusu uhuru wa vyombo vya habari, na ilichukua nafasi ya ile ya 1996. Ya pili, namba 23/010, ndiyo Code du numérique. Ni kitabu kinene: kinazungumza juu ya biashara ya mtandaoni, sahihi ya kielektroniki, ushahidi wa kielektroniki, data za kibinafsi, usalama wa mitandao, na mwishoni makosa na adhabu zake.

Kifungu kinachojulikana zaidi ni cha 360. Kinasema kwamba yeyote anayeanzisha ama anayesambaza habari ya uongo dhidi ya mtu, kupitia mitandao ya kijamii ama chombo chochote cha kielektroniki, anaweza kufungwa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi sita, na kutozwa faini ya faranga za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, ama moja tu ya adhabu hizo mbili.

Tusome maneno hayo polepole, kwa sababu kila neno lina uzito wake. «Anayeanzisha ama anayesambaza»: ndiyo maana kijana wetu hawezi kujitetea kwa kusema alituma tu. «Habari ya uongo»: ikiwa habari ni ya kweli, kifungu hiki si mahali pake. «Dhidi ya mtu»: uvumi wa kwamba vita vimefika mahali fulani, bila kumtaja mtu, hauingii hapa moja kwa moja, mwendesha mashtaka atatafuta kifungu kingine, kwa mfano kile cha kanuni ya adhabu juu ya kueneza uvumi wa uongo. Tena, watu wengi wanaamini kwamba admin wa grupu anafungwa kwa kila kinachoandikwa ndani ya grupu yake. Kifungu cha 360 kinamtaja anayeanzisha na anayesambaza. Neno «admin» halimo.

Kujua tofauti hizo kunaweza kumpunguzia mtu usiku kadhaa wa kasho. Na kunafundishika kwa nusu siku, ikiwa mwalimu amefungua sheria yenyewe.

Nani anafundisha, na anafundisha nini?

Mwandishi wa makala haya alifuata mafunzo ya namna hiyo katika mji mmoja wa mashariki, siku tatu, ndani ya ukumbi wa hoteli. Tulikuwa watu wapatao thelathini. Siku mbili nzima tulionyeshwa kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data: tulijifunza kwamba kampuni inayopoteza data za wateja ina saa 72 za kuwajulisha wakubwa, na kwamba faini inaweza kufika euro milioni 20 ama asilimia 4 ya mapato ya kampuni kwa mwaka mzima. Siku ya tatu mwenzangu mmoja aliuliza: «Polisi akiniomba nifungue simu yangu, nifanye nini?» Akajibiwa: «Hilo utaona na avoka wako.» Saa kumi tukapewa vyeti, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Code du numérique ilitajwa mara mbili, haikufunguliwa hata mara moja.

Simlaumu yule mwalimu peke yake. Alifundisha alichofundishwa. Masomo mengi ya bure yanayopatikana kwa Kifaransa kwenye intaneti yametengenezwa Ulaya. CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, ilifungua somo lake la bure mtandaoni mwaka wa 2019. Ni somo zuri, limepangwa vizuri, na mtu yeyote mwenye mega za kutosha anaweza kulifuata. Lakini linafundisha kanuni iliyoanza kutumika Ulaya tarehe 25 Mei 2018. Mkongomani anayefanya kazi na shirika la Ulaya ama anayeshika data za watu wanaoishi huko, litamfaa. Yule anayetaka kumtetea mama aliyeibiwa pesa kwenye simu kule Kadutu, litamsaidia kidogo sana.

Yako mengine. Shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ya kiakili lina somo la msingi la bure mtandaoni, linalojulikana kama DL-101, na liko pia kwa Kifaransa. Linawafaa wanamuziki, watengeneza filamu na wote wanaoona kazi zao zikiibiwa YouTube. Kwa upande wa biashara, Kongo ni memba wa OHADA tangu Septemba 2012, na shule yake ya Porto-Novo, nchini Benin, inayoitwa ERSUMA, inafundisha majaji na avoka wa nchi zote wanachama. Nairobi, chuo kikuu cha Strathmore kina kituo kinachoshughulikia miliki ya kiakili na sheria za teknolojia. Na tangu 2013 kuna shule ya Afrika ya utawala wa intaneti, inayokutanisha watu wa nchi mbalimbali kwa siku chache kila mwaka.

Ukiangalia orodha hiyo utaona shida mbili. Ya kwanza ni lugha: Nairobi wanafundisha kwa Kiingereza, Porto-Novo kwa Kifaransa cha majaji. Ya pili ni safari. Kwa mtu wa Goma, Nairobi ni karibu kuliko Kinshasa, lakini tiketi na hoteli vinabaki mzigo. Anayefika huko mara nyingi ni yule ambaye tayari ana kazi nzuri kwenye shirika kubwa. OPJ wa Kamanyola haendi.

Kesi iliyotuonyesha tunachokosa

Ikiwa mtu anataka kujua kwa nini mafunzo haya si anasa, aangalie kesi ya Stanis Bujakera. Mwanahabari huyo, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualité.cd na mwandishi wa Jeune Afrique, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa, tarehe 8 Septemba 2023. Jeune Afrique ilikuwa imechapisha makala juu ya kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani na mpinzani, makala yaliyotegemea hati iliyosemekana kuwa ya idara ya ujasusi. Makala hayo hayakuwa na sahihi ya Bujakera. Serikali ilisema hati ile ni ya bandia.

Mashtaka yalichanganya kanuni ya adhabu ya zamani na Code du numérique iliyokuwa na miezi sita tu. Lakini moyo wa kesi ulikuwa swali la kiufundi: je, inawezekana kujua, kwa kuangalia simu, ni nani aliyekuwa wa kwanza kutuma hati kwenye Telegram na WhatsApp? Upande wa mashtaka ulisema ndiyo, na kwamba ni yeye. Upande wa utetezi, pamoja na shirika la Reporters sans frontières, ulisema hapana: mitandao hiyo haiachi alama zinazomwezesha mtu kurudi nyuma hadi kwa mtumaji wa kwanza.

Bujakera alikaa gereza la Makala zaidi ya miezi sita. Tarehe 18 Machi 2024 korti ilimhukumu miezi sita na faini ya faranga milioni moja. Kwa kuwa miezi hiyo alikuwa ameshaimaliza, alitoka kesho yake.

Kila mtu ana maoni yake juu ya siasa za kesi hiyo, na hapa si mahali pa kuzirudilia. Kinachotuhusu ni kwamba uhuru wa mtu ulitegemea ujuzi wa jambo ambalo halifundishwi kwenye vitivo vyetu vingi vya sheria: ujumbe unasafiri vipi, unaacha nini nyuma yake, na ripoti ya mtaalamu inasomwa vipi. Jaji asiyejua hilo atamwamini anayezungumza kwa sauti kubwa zaidi. Avoka asiyejua hilo hatakuwa na swali la kumuuliza mtaalamu. Na Bujakera alikuwa na avoka hodari, gazeti la kimataifa nyuma yake na mashirika yaliyomfanyia uchunguzi. Kijana wa avenue atakuwa na nani?

Nani afundishwe kwanza?

Mashirika mengi, yakipata pesa ya mafunzo, yanaita wanahabari na watetezi wa haki za binadamu. Ni vizuri. Lakini kesi haianzii kwa mwanahabari. Inaanzia kwa OPJ anayeandika maelezo ya kwanza kwenye karatasi. Yeye ndiye anayeamua kama simu itafungwa ndani ya bahasha na kutiwa alama, ama itabaki mezani huku kila mmoja akipekua picha. Akikosea pale, parke na korti zitarithi kosa.

OPJ anahitaji siku mbili, si mwaka. Ajue kwamba katiba yetu, katika kifungu cha 31, inalinda siri ya barua na ya mawasiliano, na kwamba siri hiyo inafunguliwa tu pale sheria inaporuhusu. Ajue kwamba kifungu cha 18 kinamkataza kumshika mtu kwenye polisi zaidi ya saa 48, na kinamlazimisha kumweleza sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Ajue kwamba kapture, ile picha ya skrini, si ushahidi kamili peke yake, maana mtoto wa shule anaweza kuitengeneza kwa dakika tano. Ujumbe wenyewe ndani ya simu ya kwanza una uzito kuliko nakala kumi zilizotumwa.

Wa pili ni jaji. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kimahakama, INAFORJ, ipo Kinshasa, na ni kwake serikali ingepaswa kwanza kuweka pesa ya somo la ushahidi wa kielektroniki. Code du numérique inakubali maandishi ya kielektroniki kama ushahidi, kwa sharti kwamba aliyeyaandika anajulikana na kwamba hayakubadilishwa. Sharti hilo linaonekana dogo kwenye karatasi. Kortini ndilo linaloamua kila kitu, na jaji ndiye anayelipima.

Wa tatu, na huyu anasahauliwa kila mara, ni mama anayefanya kazi ya M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money chini ya mwamvuli. Huko mashariki, pesa ya simu si nyongeza ya benki. Kwa watu wengi ndiyo benki yenyewe, na mabenki ya Goma yalipofungwa mwanzoni mwa 2025 uzito wake uliongezeka. Mama huyo anashika namba za watu, majina yao, wakati mwingine picha za kadi zao za uchaguzi. Anaona wizi wa simu kila juma: mtu anayejifanya mfanyakazi wa kampuni, ujumbe wa uongo unaosema «umepokea pesa, rudisha». Kuna sheria ya Julai 2018 juu ya mifumo ya malipo, kuna Code du numérique, lakini yeye hajawahi kuitwa kwenye ukumbi wowote wa hoteli.

Asubuhi moja tu ya mafunzo ingemtosha: asifute ile SMS yenye namba ya muamala, apige simu kwa kampuni palepale ili pesa izuiwe kabla haijatolewa, asiandike namba za siri za wateja kwenye daftari, na amwambie mteja aliyeibiwa apeleke mashtaka yakiwa na namba, saa na kiasi, maana kampuni itafungua rejista zake kwa ombi la wakubwa wa sheria, si kwa kilio cha mteja.

Sheria isemwe kwa Kiswahili

Kuna kifungu cha katiba ambacho wachache wanakitaja. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku sitini tangu sheria itiwe sahihi. Lugha hizo ni Kikongo, Kilingala, Kiluba na Kiswahili chetu.

Kwa Code du numérique, siku sitini zilikwisha katikati ya Mei 2023. Muulize jirani yako kama ameishika mkononi sheria hiyo kwa Kiswahili. Muulize admin wa grupu ya shule ya watoto wako. Kwenye mafunzo niliyofuata mimi, hata nakala ya Kifaransa haikugawiwa.

Wakubwa wa sheria watajibu kwa ule msemo wa kila siku: hakuna anayeruhusiwa kusema hakujua sheria. Ni sawa. Lakini msemo huo una upande wa pili: anayetoa sheria ana kazi ya kuifanya ijulikane. Mtu anayefungwa kwa kutuma vokali ya Kiswahili, kwenye grupu ya Kiswahili, ana haki ya kuwa amesikia katazo hilo kwa Kiswahili.

Hapa ndipo mafunzo mafupi yanaweza kufanya kazi kubwa kuliko chuo kikuu. Shahada ya sheria inachukua miaka, na inafundishwa kwa Kifaransa. Mafunzo ya siku mbili yanaweza kufanywa kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, kwa mifano ya soko na ya avenue. Redio za mitaa zinaweza kuchukua vifungu kumi na kuvieleza kwa vipindi kumi. Vijana wanaoeleza siasa kwenye TikTok kwa Kiswahili kizuri wanaweza kufanya vilevile.

Na pale ambapo serikali haipo?

Hatuwezi kuandika makala haya leo tukajifanya kwamba nchi iko shwari. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu tangu katikati ya Februari mwaka huohuo. Korti za serikali huko ziliacha kufanya kazi kama zamani. Mwezi huohuo wa Februari, Kinshasa ilizuia mtandao wa X. Hatukuwa wageni wa jambo hilo: baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu.

Basi mtu wa Goma atauliza, na ana haki: sheria ya Kinshasa inanisaidia nini, ikiwa anayepekua simu yangu barabarani si polisi wa serikali? Jibu la kweli ni kwamba hakuna cheti kitakachomzuia mtu mwenye bunduki. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wa Goma ama Bukavu «msomeeni kifungu cha 31» anawahatarisha.

Lakini sehemu moja ya mafunzo inabaki na faida hata huko, na pengine inaongezeka: kujilinda. Kujua ni nini cha kutohifadhi ndani ya simu. Kujua kutoka kwenye grupu zisizo na faida. Kujua kwamba orodha ya wahanga, ya wakimbizi ama ya wanawake waliobakwa, ikibaki bila ulinzi kwenye simu ya mfanyakazi mmoja wa shirika, inaweza kuua. Hiyo ndiyo maana halisi ya ulinzi wa data katika mkoa wetu, na haihitaji kusubiri korti. Vilevile kutunza ushahidi leo kwa namna iliyo sahihi kunaweza kufaa kesho, siku ambapo kutakuwa na korti ya kuupokea.

Kuna jambo lingine la huku kwetu: mipaka. Wafanyabiashara wetu wanaishi kati ya nchi mbili ama tatu. Tangu 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila jirani ana sheria yake: Kenya ina ya makosa ya kompyuta ya 2018 na ya data ya 2019; Uganda ina ya 2011 iliyorekebishwa 2022; Rwanda ina ya data ya 2021; Burundi ina ya makosa ya mtandao ya 2022; Tanzania ina ya makosa ya mtandao ya 2015. Ujumbe ambao Bukavu unaonekana wa kawaida unaweza kuwa kosa ukiwa upande wa pili wa Ruzizi. Na sheria hizo zinabadilika: Januari 2023 korti ya katiba ya Uganda ilifuta kifungu kimoja kilichotumiwa sana kuwafunga watu walioandika mtandaoni. Umoja wa Afrika nao una mkataba wake wa Malabo, uliopitishwa 2014 na kuanza kutumika Juni 2023. Mafunzo mazuri ya mashariki yangekuwa na angalau saa moja juu ya mambo hayo.

Kabla ya kulipa dola zako

Kwa msomaji anayefikiria kujiandikisha, haya ni maswali ambayo angeuliza kwanza.

Sheria ya nchi gani itafunguliwa darasani? Ikiwa ratiba haitaji Code du numérique wala sheria ya habari ya 2023, na wewe unataka kufanya kazi Kongo, tafuta kwingine.

Mwalimu ni nani? Avoka aliyewahi kutetea kesi ya namna hiyo, ama fundi aliyewahi kuandika ripoti kwa korti, ana thamani kuliko mtu mwenye vyeti kumi na tano ukutani.

Utafanya nini kwa mikono yako? Mafunzo ya maana yanakupa mashtaka ya kuandika, mazungumzo ya WhatsApp ya kutunza bila kuyaharibu, kesi ya kubishana. Ikiwa ni kuangalia ukuta tu siku nzima, unaweza kufanya hivyo nyumbani.

Cheti kinakupa haki gani? Hapa watu wengi wanadanganyika. Cheti cha mafunzo ya siku tano hakikufanyi avoka. Ili kuwa avoka Kongo unahitaji shahada ya sheria, kuandikishwa kwenye barreau na kupitia stage. Hakikufanyi mtaalamu wa korti pia. Kinaonyesha tu kwamba ulifuata somo, na tajiri wa kazi atakupima kwa unachojua.

Na swali la mwisho: je, utaweza kumweleza mama yako? Ukitoka darasani na huwezi kumweleza kwa Kiswahili kwa nini asitume ile vokali ya uongo kwa jirani, bado hujajifunza sheria ya intaneti. Umejifunza maneno yake.

Kwa mashirika na serikali, ombi ni fupi. Chukueni pesa ya ukumbi mmoja wa hoteli, mtafsiri vifungu muhimu kwa Kiswahili, mvichapishe, mvipeleke kwenye ofisi za polisi, kwenye parke, kwenye redio na chini ya miamvuli ya M-Pesa. Katiba inawataka mfanye hivyo tangu Mei 2023.

Na wewe msomaji, ukipokea leo usiku vokali inayomtaja mtu kwa jina, sikiliza, kisha uliza aliyekutumia: umejuaje? Akijibu «nimetumiwa tu», iache ifie kwenye simu yako.